Lipiko la Chuma Uani Kwetu

Harufu ya mafuta ya haidroliki hainiachi nikakaa. Juzi nilikuwa kituo cha mafuta pale Masasi, nasubiri gari la kwenda Newala, na pembeni palikuwa na trekta lililopasuka mpira wake mmoja wa kupitishia mafuta, mafuta yanachuruzika mchangani. Watu walikuwa wanaziba pua na kulalamika. Mimi nilikaa, nikasimama, nikakaa tena, mwisho nikalifuata lile trekta na kuinama ubavuni mwake. Dereva akaniuliza, "Mama, umepoteza nini?" Nikamwambia sijapoteza kitu, nikarudi kwenye benchi, na miguu ikaendelea kuniwasha mpaka gari lilipofika.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu nisiyetulia. Nyumbani hunicheka, maana nakunywa chai nikiwa nimesimama. Utotoni nilikuwa zaidi ya hapo, na ule utundu wa miguu nusura unipeleke nisikotaka. Ndivyo nilivyoamini wakati ule, na niliamini kwa muda mrefu sana.

Tulikuwa tunakaa upande wa Makote, na Mama yangu alikuwa anaoka mikate ya boflo. Wenzangu wa rika langu mtaikumbuka, ile iliyofungwa kwenye gazeti, ukiila mpaka na habari zake. Tanuri lilikuwa la udongo, nyuma ya nyumba, na lilikuwa linakula kuni kuliko sisi tulivyokuwa tunakula ugali. Kuni zilikuwa za mikorosho mizee iliyoangushwa ili ipandwe mingine, na mkorosho si mti wa kuchanja. Nyuzi zake zimesukana, una mafundo kila unapogeuka, shoka linaingia halitoki. Na gogo zima ukilitia tanurini unapata moshi tu, mkate unatoka mweusi nje na mbichi ndani. Kwa hiyo kila siku, kabla ya kukanda unga, Mama alikuwa anachanja kuni. Sauti ya shoka lake ndiyo iliyokuwa inaniamsha, na mpaka leo nikisikia mtu anachanja kuni nahisi nimechelewa shule.

Siku moja shoka lilinasa kwenye fundo. Mama akalivuta, halikuja. Mama alikuwa na hasira za karibu, nami nimezirithi zote bila kubakiza. Akalivuta kwa nguvu zake zote huku analitukana, bega likatoa mlio ambao niliusikia nikiwa mlangoni. Alikaa chini palepale kwenye vibanzi, hakulia, akaniambia, "Somoe, nenda kamwite baba yako." Hospitali walilifunga bega na kumwambia apumzike. Tanuri likapoa, na nyumba yetu, iliyozoea kunuka mkate, ikaanza kunuka dawa ya kuchua.

Ndipo alipokuja Mjomba kutoka Chidya. Huyu ni kaka yake Mama, mkubwa wake, mtu mnene wa mwili na wa maneno, mwenye shamba la mikorosho na duka. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Baba atalisha, atavisha, atapenda, lakini jambo kubwa likija, mjomba ndiye anayesema. Baba yangu, tena, alikuwa mgeni pale. Alikuwa fundi wa malori, Myao wa Masasi aliyeoa kwetu akahamia kwa wakwe, na wakwe aliwaheshimu kiasi kwamba wao wakizungumza yeye hutafuta kitu cha kutengeneza. Siku ile alikuwa na taa ya chemli mkononi, anaisafisha utambi usiokuwa na uchafu.

"Dada," Mjomba alisema, "bega hilo si la leo wala kesho. Huyu mtoto namchukua. Mkazamjomba wake atamlea Chidya, na shule kule ipo."

Mama akasema, "Kaka, ndiye mkono wangu uliobaki."

"Mkono gani? Huyu? Mtazame! Tangu nimekaa ameshakizunguka kiti changu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kule atafunzwa kutulia." Akamgeukia Baba. "Au vipi, shemeji?"

Baba alipuliza kioo cha taa. "Tumesikia, shemeji."

Ikapangwa kwamba korosho za kwanza zikianza kuanguka, Mjomba atarudi kunichukua. Nilisikia yote, na katika yote yale nilibakiza neno moja tu. Kwamba Mama hawezi kazi, kwamba chakula kilikuwa cha kubahatisha, hayo hayakuniingia. Nilichoshika ni kwamba nafukuzwa kwa sababu situlii. Mkazamjomba nilikuwa namjua. Kwake watoto walikuwa wanakaa kwenye mkeka miguu imekunjwa, na aliyecheza kidole aliitwa jina lake lote, la shule na la ukoo. Nilihisi ningekufa kule, na sitii chumvi.

Haukupita muda Baba akaenda Masasi, akarudi juu ya lori amekaa kwenye vyuma chakavu. Kulikuwa na jeki kubwa la greda lililooza, bomba nene lenye mkono wa chuma unaong'aa unaoingia na kutoka. Kulikuwa na pampu ya trekta, ndogo, nzito, ukiibeba unadhani umebeba jiwe. Kulikuwa na kisanduku cha chuma chenye matundu na mkono mmoja uliochomoza juu, akakiita valvu. Injini aliipata kwa jirani, ya mashine ya kusaga iliyokwisha kufa mawe yake. Akavipanga vyote uani, pamoja na pipa alilolifanya tangi la mafuta, karibu na birika la maji ya mvua, akavifunga kwenye chuma kirefu, na mwisho wa kile chuma akachomelea kabari, upana wake kama kiganja cha mtu mzima. Mikono ya Baba ilikuwa inanuka yale mafuta asubuhi na jioni. Alikula nayo, aliswali ameiosha na bado ilinuka.

Nilimwuliza, "Baba, hii itafanya nini?"

"Itachanja kuni za mama yako."

"Nani atasukuma?"

"Mafuta."

"Ndani kuna nani?"

"Hakuna mtu, Somoe. Kuna mafuta."

Hapo ndipo nilipopata jibu langu, kinyume kabisa na alivyokusudia. Maana nyinyi mliokulia juu kule Newala mnajua jinsi tulivyolelewa. Lipiko akija kucheza siku ya ngoma, uso wake wa mti, mwili umefungwa nguo mpaka vidole, njuga zinalia, sisi watoto tunakimbilia nyuma ya mama zetu. Ukimwuliza mtu mzima ndani kuna nani, anakujibu bila kupepesa, "Hakuna mtu." Na huulizi tena. Wanawake wenyewe, waliokuwa wanajua kila kitu cha kijiji, hawakuuliza. Kwa hiyo mtu mzima akisema ndani ya kitu hakuna mtu, mimi nilijua yumo. Baba yangu alikuwa ameleta lipiko la chuma, amelikalisha uani, na heshima ilitaka nilisalimie.

Nilianza asubuhi iliyofuata, kabla ya shule. Baba sikumwona. Nikasimama mbele ya lile jeki, nikashika kichwa kama tulivyofundishwa kwa wakubwa, nikasema, "Shikamoo."

Nikasema tena, kwa sauti zaidi, kwa sababu wazee wengine hawasikii vizuri.

"Marahaba," sauti ikaitika, nzito, ya kukwaruza, kutoka kule kwenye tangi.

Nilikimbia mpaka shule bila kugeuka. Sikumwambia mtu. Lakini kesho yake nikarudi, na keshokutwa, na kila nilipoamkia niliitikiwa, isipokuwa siku Baba alipokuwa amesafiri, ambapo nilidhani mwenyewe kalala. Ukishazoeana na mkubwa unapata ujasiri wa kumwomba. Asubuhi moja baada ya marahaba sikukimbia. Nikalisogelea tangi nikasema kwa haraka, maneno yote kwa pumzi moja, "Naomba nisipelekwe Chidya. Nitatulia. Nitatulia kabisa, hutaniona nikizunguka. Lakini nisipelekwe."

Nilisikia kitu kama mtu anayevuta kamasi, nikajiambia ni mafuta.

"Nimesikia," ile sauti ikasema.

Tangu siku ile nikaanza kujifunza kutulia. Nilikaa kwenye mkeka nimekalia viganja vyangu visije vikaniponyoka. Nilihesabu mbuzi wa jirani kwa macho tu bila kugeuza shingo. Miguu ilijaa sisimizi, wa kweli na wa kuwaza. Mama akanigusa shingo kuona kama nina homa. Baba alinitazama kutoka kwenye mashine yake, akatupa tambara, akaja akachuchumaa mbele yangu.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Najifunza kutulia."

Hakucheka. Akanishika mkono, akanipeleka kwenye mashine, akaiwasha injini. Akaniwekea kiganja changu juu ya mpira mnene uliokuwa unatoka kwenye pampu. Ulikuwa unatetemeka, na kwa ndani niliweza kuhisi kitu kinapita, kinapita, kinapita.

"Tangi ni birika," alisema karibu na sikio langu kwa sababu ya kelele. "Pampu ni wewe na ndoo yako. Inachota, inapeleka, inachota, inapeleka. Haijui maji ni ya kupikia au ya kuoga, kazi yake kwenda tu. Sasa huyu," akagusa kile kisanduku chenye mkono, "valvu, amesimama njia panda. Mkono ukiwa katikati, anayarudisha mafuta birikani. Ukisukuma, anafunga njia ya kurudi, anafungua ya nyuma ya jeki, na jeki linatoka. Ukivuta, anayapeleka mbele, jeki linarudi."

Akasukuma mkono. Lile bomba likatoa chuma chake kinachong'aa polepole, hewani, bila gogo.

"Pampu ina nguvu," nikasema.

"Haina. Ina mwendo tu. Nguvu inakuja gogo likikataa. Mafuta yanakuja, gogo linakataa, mengine yanakuja nyuma yake, hayana pa kwenda. Hapo ndipo injini utaisikia inaguna." Akaurudisha mkono katikati. Chuma kikasimama, lakini chini ya kiganja changu mpira uliendelea kutetemeka. "Unasikia? Hatuchanji, hatufanyi kitu, na bado yanakwenda. Haitulii hii."

"Ikitulia?"

"Ikitulia imekufa," Baba alisema. "Na mama yako hatakuwa na mkate. Wewe usikalie mikono yako, utaiharibu."

Nilirudi kukimbia siku ileile. Lakini sikuacha kuogopa, kwa sababu huko shambani mabibo yalikuwa yameanza kuiva, mekundu na manjano, na nilikuwa nayatazama kwa chuki. Kila korosho iliyoning'inia ilikuwa inaninyooshea kidole.

Na mashine haikuchanja. Mara ya kwanza Baba alipoweka gogo, jeki lilikuja vizuri, likalisukuma gogo mpaka kwenye kabari, kabari ikaingia kidogo kama meno kwenye muwa, na kisha mashine ikapiga kelele, kelele nyembamba ya kuumiza masikio, na chuma kikasimama. Wanawake waliokuja kutazama wakarudi nyuma wote pamoja. Mimi nilidhani lipiko analia. Baba akarudisha mkono, akafungua kijisehemu pembeni ya valvu, akatoa kispringi na kigololi, akavifuta, akavirudisha. Akanieleza kwamba kile nacho ni valvu, mdogo, kazi yake ni moja. Gogo likikataa kupita kiasi, mafuta yakakosa pa kwenda, yeye anazidiwa, anafungua kamlango yarudi tangini. Ile kelele ni yake. Springi ikichoka anafungua mapema mno, kabla gogo halijapasuka. Ukimkaza sana hafungui kabisa, na hapo kitu kingine kitafunguka badala yake. Ilibidi Baba aende tena Masasi kutafuta springi, na siku alizokuwa huko mashine haikuitika salamu zangu, nami nikawa sili vizuri.

Alirudi nayo. Akaifunga, akaikaza kidogo, akajaribu, akakaza tena kidogo, anausikiliza mpira kwa mkono. Na siku hiyohiyo, vumbi la barabarani halijatua, Mjomba akaingia uani na kofia yake na mfuko mtupu wa kutilia nguo zangu.

Watu walikuwa wengi. Habari ya mashine ilikuwa imetembea, na ndugu wa upande wa Mama walikuwepo wamekaa kivulini. Baba aliweka gogo nene kuliko yote, la mkorosho ulioangushwa nyuma ya nyumba, lenye fundo katikati. Nadhani alitaka wakwe waone. Akasukuma mkono, chuma kikaja, kabari ikauma, injini ikaguna. Kisha ile kelele nyembamba.

"Kaza!" Mjomba akasema. "Kaza hiyo nati yako, shemeji, unaogopa nini?"

"Nikikaza zaidi mpira utapasuka."

"Si utengeneze mwingine?"

"Mafuta yana moto, shemeji. Kuna watoto hapa."

Mjomba akawageukia waliokaa, akatikisa kichwa. Baba akavuta mkono, chuma kikarudi. Akalikumbatia lile gogo, akalizungusha mpaka fundo likaangalia pembeni, ili kabari iume ubavuni palipo laini. Akamwangalia Mama. "Njoo usukume wewe," akamwambia, "kwa mkono mzima."

Ule mkono wa chuma ulikuwa unaunguza kwa jua, na Mama alikuwa ameshauzungushia kipande cha khanga iliyochakaa. Akausukuma kwa kushoto. Injini ikaguna, kabari ikaingia, gogo likatoa mlio mrefu kama mlango mzito, kisha likaachia. Vipande viwili vikaanguka kila upande, vyekundu kwa ndani, na harufu ya mkorosho mbichi ikachanganyika na ya mafuta. Ndiyo harufu ninayoizungumza. Wanawake walipiga vigelegele. Mama alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, akaweka kipande kingine, na kingine.

Nilijua nimeokoka. Kisha Mjomba akaniita kwa kidole. "Haya, mpwa wangu. Kachukue nguo zako."

Niliingia ndani. Nilikunja nguo zangu vibaya, nikazikunja upya, nikizubaa makusudi, na nje nilisikia sauti ya Baba, fupi, halafu ya Mjomba, ndefu. Kelele ya injini ilinizuia kusikia maneno. Injini ikazimwa. Nilipotoka na furushi langu, wote walikuwa wananitazama.

"Njoo hapa," Mjomba akasema. "Nijibu kweli. Wewe ulimwomba baba yako neno lolote juu ya safari hii? Ulimwambia hutaki?"

Nilimtazama Baba. Alikuwa ameshika tambara, anafuta kidole kimoja kimoja. Sikuwa nimemwomba Baba kitu. Nilijua Baba hana neno mbele ya Mjomba, na nisingempa mzigo asioweza kuubeba. Niliyemwomba nilimjua, na huyo hatajwi.

"Hapana, Mjomba."

"Hukumwomba?"

"Sikumwomba."

Mjomba akamtazama Baba kwa muda, na watu wote wakamtazama. Baba alifungua kinywa, akanitazama mimi, akakifunga. Akaendelea kufuta vidole.

"Basi nimejua dada yangu kaolewa na mtu wa namna gani," Mjomba akasema.

Ni Mama aliyesimama. "Kaka, kuni zimechanjwa. Kesho nawasha tanuri, na nina mkono mmoja. Mtoto atabaki anikandie unga. Somoe, rudisha nguo ndani." Mjomba akachukua kofia yake, akaondoka na mfuko wake mtupu bila kunywa hata maji. Asubuhi nilienda nyuma ya nyumba nikaishukuru mashine. Haikujibu ila marahaba, na ilikuwa marahaba ya uchovu.

Miaka ikaenda. Tulikula mkate na tukauza mkate. Nilichezwa unyago, nikajua yanayojulikana huko, na mdomo nilifungwa kama wenzangu. Siku moja Baba aliifungua mashine kubadilisha sili zake, zile pete za mpira za kuzuia mafuta, akalitoa lile jeki vipandevipande juu ya gunia, nikaona kwa macho yangu kwamba ndani ni chuma kilicholainishwa, mafuta, na basi. Nililia, nikadai moshi. Ile sauti nikaiweka pamoja na mambo mengine ambayo mtoto hujitungia, sikuifikiria tena.

Ila kitu kimoja kilikuwa kinanikera sikijui chanzo. Kwenye vikao vya ukoo, Baba akisema jambo, Mjomba alikuwa anasema, "Hilo ni neno la Baba Somoe, lipimeni kwanza," na wengine wanacheka chini chini. Hata akitoa habari ya mvua iliyomnyeshea mwenyewe, lipimeni. Mdogo wake Mama alipoolewa, posa ilipokelewa na wanaume wote wa nyumba isipokuwa yeye. Baba alikuwa anachukua taa yake ya chemli na kuifuta. Nilidhani ni kwa sababu ni mgeni, Myao kati ya Wamakonde, na utani wa makabila. Nilimkasirikia kwa kutojibu. Niliwahi kumwambia, nikiwa mtu mzima tayari, "Baba, kwa nini unakubali?" Akasema, "Somoe, maneno hayapasui mtu," akaniuliza habari za wanangu.

Baba amefariki mwaka huu, baada ya mavuno. Tulimzika hukohuko Makote kwa wakwe zake. Siku ya arobaini nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake, yaani nilikuwa najaribu kukaa, Mjomba alipoagiza niitwe. Sasa ni mzee, mwili umemwisha, anatembea na fimbo na macho yana ukungu. Nikamshika mkono, nikamwamkia, akaitika, akanionyesha nikae chini karibu naye.

"Mwanangu, baba yako ametangulia, na mimi sina safari ndefu. Kuna neno linanikaa hapa." Akagusa kifua. "Siku ile ya mashine. Ulipoingia kuchukua nguo, baba yako alinijibu mbele ya watu. Hajawahi kunijibu kabla. Akasema, 'Shemeji, huyu haendi. Ameniomba mwenyewe, nami nimemwambia nimesikia.' Nikamwuliza, amekuomba lini? Hasemi. Amekuomba wapi? Hasemi. Basi nikakuuliza wewe, na wewe ukakana. Tangu hapo nikamwita mwongo, na wenzangu wakaniitikia. Sasa niambie, hakuna wa kukupiga. Ulimwomba, au hukumwomba?"

Niliisikia ile sauti ya kukwaruza kutoka kwenye tangi, na kile kilichokuwa kama mtu anavuta kamasi. Nilimwona Baba amechuchumaa nyuma ya pipa asubuhi na mapema, amejikunja na spana zake mkononi, fundi mzima, anangoja mwanawe aje kumwamkia. Na nikamwona uani, watu wote wanamtazama, neno moja tu linamtosha kujisafisha, naye ananitazama mimi na furushi langu, na analimeza. Kwetu aliye ndani hatajwi. Alikuwa mgeni, lakini hilo alilijua, na alilishika mpaka tulipomfunga sanda.

"Nilimwomba, Mjomba," nikasema.

"Lini?"

"Asubuhi. Kabla ya shule."

"Na akakwambia amesikia?"

"Akaniambia amesikia."

Mjomba alivua kofia yake, akaiweka juu ya goti. "Basi mtu mkweli nimemtukana mpaka kaingia kaburini," alisema. Akamwita mwanawe amwinue, akataka kupelekwa mbele ya wanaume, aseme. Sikumfuata kusikiliza. Miguu ilikuwa inaniwaka, nisingeweza kukaa kwenye mkeka wowote duniani.

Nyuma ya nyumba vijana wa jirani walikuwa wanachanja kuni za kupikia ubwabwa wa watu. Mashine ni ileile, imebadilishwa mipira na injini, na kwenye mkono wa valvu kuna kipande cha khanga, sijui ni cha ngapi. Ilikuwa inanguruma, mkono uko katikati, hakuna gogo, na mafuta yanazunguka. Niliweka kiganja juu ya mpira. Nilitembea mpaka kwenye tangi, nikachungulia nyuma yake. Kulikuwa na kigoda kidogo, cha kukalia mtu, kimelainika kwa kukaliwa.

Nikashika kichwa. "Shikamoo," nikasema.

Vijana walicheka. Walidhani nawaamkia wao, nami ni mama yao kwa umri. "Aa, Mama, sisi ndio wa kukuamkia!" mmoja akasema, na wote wakaniamkia kwa pamoja. Nikawaitikia, marahaba wanangu. Nilingoja kidogo, injini inanguruma, kisha nikawaambia waniwekee gogo, nikausukuma mkono.